Maandamano ya Wanawake: Tarehe 8 Machi na Njia ya Kufika Igamba

Nchi iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambamo leo imo Igamba pamoja na kata nyingine za Wilaya ya Mbozi, ilizijua safari za miguu za wanawake zamani sana kabla haijalijua neno maandamano. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati biashara ya watumwa na pembe za ndovu ilipokuwa imezivuruga nchi hizi, na vita vya watawala vilipokuwa vikiwatoa watu makwao msimu hata msimu, mwanamke asiye na mume wala ndugu wa kumsemea alihesabiwa kuwa mali isiyo na mwenyewe: aliweza kutekwa njiani, kuwekwa rehani, kutolewa fidia kwa kosa asilolitenda, au kurithiwa pamoja na mifugo ya marehemu. Bibi Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kijerumani wa Kanisa la Moravian aliyekaa Utengule katika nchi ya Wasafwa, aliandika habari za maisha ya baadhi ya wanawake hao kama walivyozisimulia wenyewe. Na miongoni mwao yumo Narwimba, mjane ambaye, alipoona kuwa mauti ya mumewe yamemwacha wazi yeye na wanawe, alimwendea mrithi wa marehemu akamsihi amchukue awe mkewe, si kwa mapenzi wala kwa tamaa ya cheo, bali kwa kuwa jina la mume lilikuwa ndiyo ngao pekee aliyoweza kuipata. Yumo pia Chisi, aliyetekwa utotoni, akapita katika mikono ya mabwana mbalimbali, na hatimaye akafikia kwenye misheni.

Nawataja wanawake hawa mwanzoni mwa historia hii kwa sababu safari zao zote zilikuwa na makusudi mamoja, nayo yalikuwa kutafuta hifadhi. Na hifadhi, ijapokuwa ni jambo jema, hutolewa na mwenye nguvu kwa hiari yake, na kwa hiari hiyo hiyo huweza kuondolewa. Miaka mia na zaidi iliyofuata, kwa kadiri inavyowahusu wanawake wa Tanganyika na wenzao wa dunia, ni habari ya kuacha kuomba hifadhi na kuanza kudai haki, tena kuidai hadharani, wakiwa wengi, kwa miguu, katika siku inayojulikana. Maandamano ya kila mwaka ya tarehe 8 Machi ni tunda la habari hiyo. Nami nataka kuifuata njia iliyoyaleta mpaka huku kwetu, na kusema waziwazi jambo ambalo naliona limepungua ndani yake.

Ukoloni ulikomesha utumwa kwa amri, lakini haukumpa mwanamke wa Unyiha, yaani nchi ya Wanyiha wa huku Mbozi, shamba. Baina ya vita viwili vya dunia walowezi wa Kizungu walifungua mashamba ya kahawa Mbozi, na baadaye Wanyiha wenyewe wakaipanda kahawa katika ardhi yao. Na wakati huo huo dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, pamoja na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, iliwavuta waume kwa maelfu, wake wakabaki na jembe, watoto na kodi iliyokuwa ikingojewa. Ndipo ukajengeka utaratibu ambao athari zake hazijaisha hata leo: mwanamke huipalilia mibuni, huchuma matunda mekundu moja moja yakiiva, huyabeba mpaka penye mtambo wa kumenya, huianika kahawa na kuigeuza juani siku baada ya siku, huku akikimbilia kuifunika mawingu yakitanda, lakini jina lililoandikwa katika daftari la chama cha ushirika aghalabu ni la mume, kwa hoja kwamba shamba ni la ukoo wake, na mwenye jina ndiye mpokea fedha.

Kwingineko katika Afrika ya Mashariki wanawake walikuwa wamekwisha kutoka barabarani. Tarehe 16 Machi 1922, mjini Nairobi, halaiki ya watu ilikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku, kiongozi aliyepinga dhuluma za kikoloni, afunguliwe. Na wazee waliotumwa kusema na serikali waliporudi wakiwasihi watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama mbele yao akawakemea wanaume kwa woga wao, wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, na polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hakuacha hotuba iliyoandikwa wala chama chenye jina lake, lakini hapana historia ya ukombozi wa Kenya iliyo kamili pasipo dakika zile chache alizosimama.

Katika Tanganyika yenyewe, mfano ulio mkubwa kuliko yote ya zama zile ni wa Upare. Serikali ilipoleta kodi mpya iliyoitwa mbiru, iliyotaka kila mtu akadiriwe kwa kadiri ya mali yake, Wapare waliiona kuwa ni dhuluma na fitina, maana iliwapa wakadiriaji ruhusa ya kuingia ndani ya mambo ya nyumba za watu. Na mwaka 1945 wanaume wakateremka kwa maelfu kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakiikataa. Wanawake walibaki na mashamba, na mizigo ya chakula ikawa ikishuka mlimani kuwalisha waliogoma. Shauri lilipozidi kurefuka, wanawake wa Usangi walijikusanya kwa mamia wakawakabili wakubwa wa serikali waliofika huko, wakawaambia neno ambalo maofisa wale hawakuwa wamelitarajia: ama walimalize shauri ili waume warudi majumbani, ama wao maofisa wachukue nafasi ya waume hao katika kila wajibu wa ndoa. Palikuwa na ghadhabu katika neno lile, na palikuwa na hekima pia, kwa kuwa lilimtaka mtawala ajibu jambo moja lililo dhahiri, lisiloweza kuzungushwa kwa maneno ya heshima. Kodi ya mbiru hatimaye iliondolewa.

Sasa inatupasa kuvuka bahari kidogo, maana siku yenyewe ya tarehe 8 Machi haikuzaliwa kwetu. Tarehe 9 Februari 1907, wanawake wapatao 3,000 waliandamana London kudai kura, katika mvua na tope jingi hata maandamano yale yakabaki na jina la tope. Na msomaji wa Mbozi, ajuaye Machi ya kwetu ilivyo, hatashindwa kuiona picha ya sketi zile ndefu zilizolowa mpaka magotini. Mwaka 1909 chama cha kisoshalisti cha Marekani kiliweka siku ya wanawake, na mwaka 1910, katika mkutano wa wanawake wasoshalisti uliokutanisha wajumbe zaidi ya 100 kutoka nchi 17 mjini Copenhagen, Clara Zetkin wa Ujerumani alipendekeza kwamba kila nchi iwe na siku hiyo kila mwaka, si kwa ajili ya kusifiwa wanawake, bali kwa ajili ya kudai kura na haki za kazi. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Machi 1911, watu zaidi ya milioni moja walitoka katika Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi. Na siku sita tu baadaye kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua mjini New York, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa ili wafanyakazi wasitoke. Msiba ule uliyapa madai ya kazi salama uzito ambao hotuba peke yake haikuweza kuyapa.

Tarehe yenyewe ilitoka Urusi. Siku ya 8 Machi 1917, ambayo kwa kalenda ya Warusi wa wakati ule ilikuwa 23 Februari, wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd waliacha kazi, wakatoka barabarani kudai mkate na kukoma kwa vita, wakapita kiwanda kwa kiwanda wakiwaita wanaume wawafuate. Viongozi wa vyama, hata wale wa kimapinduzi, walikuwa wamewashauri wangoje. Hawakungoja, na baada ya siku saba Kaisari Nicholas wa Pili alikuwa ameachia kiti. Habari hii husimuliwa mara nyingi na kuishia hapo, nami naona kuishia hapo ni kuikata kabla haijafika kwenye kiini chake. Maana serikali mpya ilipotangaza uhuru na uchaguzi, kura ya wanawake haikutajwa waziwazi, na wanawake wapatao 40,000 ikawabidi waandamane upya, wakiongozwa na daktari Poliksena Shishkina-Yavein, mpaka kwenye jumba la serikali, wakiwa na dai moja tu, wala hawakuondoka pale mpaka walipopewa ahadi. Na katika muda wa miezi michache kura ikawa haki yao kwa sheria. Maandamano ya kwanza yaliangusha enzi. Ya pili, ambayo dunia imeyasahau, ndiyo yaliyowapa wanawake wenyewe kitu cha kushika mkononi.

Turudi nyumbani. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, picha ya waasisi wake ilikuwa ya wanaume watupu, na mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza uko wapi upande wa wanawake. Aliyepatikana kuujenga alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam mwenye umri usiofika miaka 30, mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma cha Bomba, asiye na elimu kubwa ya shule lakini mwenye kipawa cha kusema na watu kilichowazidi wengi wenye vyeti. Alichofanya ndicho kinachonishangaza kila niisomapo habari yake: hakuanza kwa kuunda ofisi, bali aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, kina mama waliokuwa na daftari zao, michango yao, sare zao na nidhamu yao tangu zamani, akawaeleza habari ya uhuru, nao wakawaleta watu wao, hata katika muda wa miezi michache wanachama wanawake wakakaribia 5,000. Wanawake wa sokoni, wauza vitumbua, waliokuwa wakidhaniwa kuwa siasa haiwahusu, wakawa ndio wenye kuujaza uwanja wa mkutano, kuilinda mikutano, kuuza kadi na kuwaficha viongozi. Bibi Titi alizunguka majimbo akihutubia kadamnasi ambazo nyingi hazijapata kumwona mwanamke akisimama juu ya jukwaa.

Mwaka 1962 ukaanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti. Na tarehe 31 Julai mwaka huo huo wanawake kutoka nchi mbalimbali za bara hili walikutana Dar es Salaam wakaanzisha umoja wao wa Afrika nzima, karibu mwaka mmoja kabla marais hawajakutana Addis Ababa kuanzisha OAU. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Bibi Titi mwenyewe alikuja kukamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiliwa kwa msamaha mwaka 1972, na miaka mingi ikapita jina lake likitajwa kwa sauti ya chini. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 maandamano yakawa desturi ya taifa zima, lakini yakabadilika sura. Watu waliandamana kuunga mkono, kupongeza, kupokea mwenge na kupokea wageni. Na wanawake, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kujipanga vizuri kuliko wengine, ndio waliokuwa mbele kwa sare na nyimbo. Sisemi kwamba hayo yalikuwa bure. Umoja wa wanawake ulikuwa na sauti wakati Bunge lilipopitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, sheria ambayo kwa siku zile ilikuwa ya mbele kuliko nyingi barani, iliyotaka ndoa zote ziandikishwe, iliyokataza mke kupigwa na mumewe, na iliyosema kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango wa msichana kuozwa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Na kwa kuwa maandamano yalikuwa yamekuwa ya shukrani, mlango ule ulikaa wazi miaka mingi bila kugongwa kwa nguvu.

Waliogonga milango katika zama hizo aghalabu walikuwa mwanamke mmoja mmoja, nao waligonga mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri la Bi Hawa Mohamed, aliyeachwa na mumewe Ally Sefu na kudai sehemu ya nyumba waliyoipata katika ndoa, na hoja iliyokuwa mbele ya majaji ilikuwa hii: mwanamke aliyepika, aliyefua, aliyelea na kuitunza nyumba pasipo mshahara, je, amechangia kupatikana kwa mali? Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walisema kwamba ndiyo, kazi ya nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba sehemu yake ilikuwa imekwisha katika fedha alizopewa na mumewe za biashara iliyoharibika. Akatoka mahakamani mikono mitupu, akiwa amewaachia maelfu ya wanawake wa nchi hii haki ambayo yeye hakuionja. Miaka saba baadaye, Februari 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua shauri la bibi mmoja wa Kagera, Holaria Pastory, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wasia halali, akashtakiwa na jamaa wa ukoo kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema kwamba mila hiyo inapingana na Katiba pamoja na mikataba ambayo Tanzania imeitia saini, na kwamba kuanzia hapo wanawake na wanaume wanayo haki moja ya kurithi na kuuza.

Wakati huo upepo wa dunia ulikuwa umegeuka. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1975 kuwa mwaka wa wanawake, na mwaka 1977 Baraza Kuu likazitaka nchi ziwe na siku ya haki za wanawake kila mwaka. Julai 1985 mkutano mkuu wa dunia ulifanyika jirani zetu Nairobi, na wanawake wengi wa Tanzania waliokwenda huko walirudi na azma ya kuwa na vyombo vyao wenyewe. Wanahabari wanawake wakaanzisha TAMWA mwaka 1987, wanasheria wakafuata na TAWLA, na mwaka 1993 ukaanzishwa Mtandao wa Jinsia, TGNP. Si kila mtu aliyefurahi. Mwaka 1988, Bibi Sofia Kawawa wa UWT aliposema kwamba sheria za ndoa na mirathi zirekebishwe, waliotoka barabarani Zanzibar walikuwa waliompinga, na siku ile ya Mei ikaishia kwa risasi na vifo. Nalo ni jambo la kukumbukwa na kila anayedhani kwamba habari hizi zilipita kwa ngonjera na vifijo.

Septemba 1995 dunia ilikutana Beijing, na aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe. Jina la Beijing likaenea vijijini kwa kasi ambayo hapana hati ya kimataifa iliyopata kuenea kabla yake, ingawa mara nyingi lilisemwa kwa dhihaka na wanaume waliodhani kwamba ni uasi wa wake dhidi ya waume. Matunda yake yalionekana. Mwaka 1998 ikapitishwa sheria kali dhidi ya makosa ya kujamiiana, na mwaka 1999 sheria mbili za ardhi, baada ya vyama vya wanawake kushikamana na kuisukuma serikali kifungu kwa kifungu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilitamka kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili, na ikaagiza kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wasipungue watatu wanawake. Kwa mwanamke wa Igamba hakuna sheria iliyoandikwa Dar es Salaam au Dodoma iliyomkaribia shambani kuliko hii.

Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake yakawa Vwawa, na maadhimisho ya kimkoa, yaliyokuwa yakifanyika mbali, yakasogea. Machi huku ni mwezi wa mvua. Mahindi yamesimama shambani, na njia za vijijini zimelainika. Wanawake watokao vijiji vya pembeni huondoka mapema, vitenge vya sare vikiwa vimekunjwa ndani ya mfuko ili visichafuke, viatu mkononi, wakaoshe miguu karibu na uwanja na kujifunga upya ndipo wapange mstari. Mabango yameandikwa juu ya karatasi za manila, na mvua ikinyesha wino huchuruzika. Mbele huenda bendi ya shule, nyuma vikundi vya VICOBA, kwaya, walimu, wauguzi na mamalishe. Na kwa waishio Tunduma, ambako mpaka wa Zambia huvukwa kila siku na wanawake wenye vitenge, mchele na dagaa kichwani, huja pia madai ya wafanyabiashara wadogo wa mpakani, ambao hata baada ya kufunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde mwaka 2019, wanahitaji kuelezwa kwa lugha nyepesi ushuru gani unawahusu na upi hauwahusu.

Halafu husomwa risala. Itifaki ikiisha kuzingatiwa, mama mmoja husimama mbele ya meza kuu akiwa na karatasi iliyopigwa chapa, akaisoma kwa sauti ya kutetemeka mwanzoni na kutulia baadaye, akaitia katika bahasha na kumkabidhi mgeni rasmi kwa mikono miwili huku akipiga goti kidogo. Mimi naiheshimu sana risala. Ndiyo hati pekee katika mwaka mzima ambayo wanawake wa mahali huiandika wenyewe, wakaisoma mbele ya mkubwa wa serikali, mbele ya waume zao na watoto wao, na mkubwa yule akalazimika kukaa kimya na kusikiliza. Ni ndugu wa neno lile la wanawake wa Usangi. Lakini nikizisoma risala nyingi za siku hizi naona kwamba zimerudi kwenye lugha ya Narwimba: tunaomba mkopo, tunaomba msaada, tunaomba utufikirie. Na jibu hulingana na ombi. Mgeni rasmi husema kwamba ameyapokea na yatafanyiwa kazi, hutoa hundi ya mfano iliyoandikwa juu ya ubao mkubwa, vigelegele vikapigwa, na bahasha ikaingia ndani ya gari.

Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake si hisani ya mgeni rasmi. Ni sheria tangu mwaka 2018, na mikopo iliposimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji wake, walioumia walikuwa na haki ya kuuliza lini itarudi, kabla haijarejeshwa mwaka uliofuata. Zile nafasi tatu katika Baraza la Ardhi si heshima kwa akina mama, ni sharti. Na bado yapo mambo makubwa ambayo hayajatimia. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, zinazomnyima mjane urithi wa mali ya mumewe na kumweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume, zilizaa shauri la wajane wawili walioikosa haki katika mahakama za nchi, wakafika mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake. Na mwaka 2015 kamati hiyo ikaitaka Tanzania ifute au irekebishe kanuni hizo. Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alishinda Mahakama Kuu katika shauri la umri wa ndoa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba vifungu vile vya mwaka 1971 vinakwenda kinyume na Katiba. Muhula wa mwaka mmoja uliowekwa wa kuvirekebisha ukapita bila kurekebishwa. Tarehe 19 Machi 2021, siku 11 baada ya maandamano ya mwaka ule, Mama Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, na tarehe 8 Machi 2025 yeye mwenyewe alikuwa mgeni rasmi wa maadhimisho ya kitaifa Arusha, miaka 30 baada ya Beijing. Kwa wasichana wa Mbozi kuliona jambo hilo ni fahari isiyo na kifani, wala siipunguzi hata kidogo. Ila msichana wa miaka 15 anayeozwa baada ya mavuno hawezi kuitumia fahari hiyo kama kinga mbele ya mshenga, wala mjane aliyefukuzwa penye mibuni aliyoipalilia miaka 20 hawezi kuipeleka barazani kuwa ushahidi.

Kwa hiyo nina ombi kwa akina mama wa Igamba watakaokaa kuandika risala ya mwaka ujao. Msiandike tunaomba mahali palipo na sheria. Andikeni namba ya sheria na mwaka wake. Andikeni ni wanawake wangapi katika kila kijiji cha kata wenye majina yao katika daftari la chama cha ushirika, na wangapi wenye hati za kimila za mashamba, maana hizo hesabu mnaweza kuzipata wenyewe kwa kuuliza nyumba kwa nyumba. Andikeni ni wajane wangapi waliotolewa mashambani tangu Machi iliyopita. Tunzeni nakala ya risala hiyo katika sanduku la kikundi, pamoja na daftari la hisa. Na siku ya tarehe 8 Machi itakapofika tena, kabla ya kumkabidhi mgeni rasmi risala mpya, mtakeni kwanza asome mbele ya watu wote majibu ya risala ya mwaka uliotangulia.